Mstari wa Tisa

Mama Yusta alizikwa siku ya Jumatano, na mimi nikafika Kalinzi wakati kaburi limeshafukiwa na watu wanagawiwa chakula. Ndivyo nilivyofika sehemu nyingi maishani, nimechelewa na nina vumbi. Kijana wa bodaboda aliyenipandisha kutoka Gungu aliniuliza njia nzima marehemu alikuwa nani kwangu, nikamwambia alikuwa mpishi wangu. Akacheka, akadhani namtania, maana mwanamke mwenye kanga zilizopauka na begi moja la mgongoni hafanani na mtu wa kuwa na mpishi. Sikumweleza. Nilikuwa natazama kilima. Mara ya mwisho nilipokiona kilikuwa chekundu, kimepasuka mifereji kama kisigino cha mkulima, na kila mvua iliponyesha udongo wake uliteremka mabondeni mpaka ziwani, maji ya ufukweni yakawa rangi ya chai ya maziwa. Sasa kilikuwa cheusi kwa miti. Nilijaribu kuhesabu kutoka kushoto niupate mstari wa tisa, nikashindwa. Msitu ukishakuwa msitu hauna mistari.

Habari za kwetu Ujiji sitaziandika. Inatosha kusema niliacha shule darasa la sita, si kwa kukosa akili bali kwa kukosa uwezo wa kukaa. Nilitaka kujua kila kitu: mawese yanakamuliwaje, injini ya boti inanguruma wapi kabla haijawaka, kwa nini dagaa hufuata taa. Nikishajua, nilichoka, nikaondoka. Mwaka ninaousimulia nilikuwa na miaka kumi na minane, na ulikuwa mwaka Kongo ilipowaka wakati Burundi haijapoa. Mji ulijaa watu wenye mabunda. Mradi mmoja ulikuja kutafuta vijana kumi na wawili wasio na shule wala kazi, wa mjini na wa kambini pamoja, wakapande miti juu ya Kalinzi kwenye kilima kilichokuwa kikikausha chemchemi za kijiji. Nilijiandikisha kwa sababu sikuwahi kuona mbegu ya mti wa mkangazi ikoje.

Tulilala kwenye ghala la kahawa la zamani, wavulana upande mmoja, wasichana upande wa pili, katikati ukuta wa mbao ambazo hazikukutana vizuri. Mpaka leo nikisikia harufu ya magunia nalikumbuka ghala lile: vumbi la maganda ya kahawa lililotoka kwenye nyufa za sakafu kila ulipogeuka, mizani mbovu iliyoning'inia mlangoni, na ndala zetu zimepangwa chini yake kama zinangojea kupimwa. Chakula kilipikwa na Mama Yusta, mjane wa palepale. Alitupa ugali wa muhogo, maharage ya mawese, na mara moja kwa wiki mgebuka wa kukaanga uliopandishwa na wachuuzi kutoka ziwani. Alipakua kwa hasira. Sehemu kubwa ya mteremko tuliopanda ilikuwa shamba lake la muhogo, na kijiji kilimwomba alitoe kwa ahadi kwamba miti ikishika, maji yatarudi. "Mimi nimetoa muhogo, nyie mnanipa vijiti," alisema kila siku, akikung'uta mwiko kwenye sufuria. "Vijiti hivyo vikifa, nitawapika nyinyi."

Msimamizi wetu alikuwa bwana miti, Mpare mwembamba aliyehamishiwa Kigoma na ambaye hakuzoea kabisa mawese. Alitupanga wawiliwawili, mmoja achimbe, mmoja apande. Na alikuwa na sheria aliyoirudia mpaka tukaiota: shimo moja, mche mmoja, kiriba kimoja kinarudi. Viriba ni ile mifuko myeusi ya nailoni inayolelea miche kitaluni. Kabla ya kupanda unakichana kwa wembe, unakivua, unauweka mche na udongo wake, na jioni unashuka na viriba vyako vitupu uvionyeshe. "Mche ukipandwa na kiriba," alisema, "ni kama mtoto umemvisha viatu ukamwambia akue navyo hivyohivyo. Mwaka wa kwanza atatembea. Halafu?"

Mwenzangu alikuwa Esperansi. Alikuwa Mrundi, amenizidi miaka miwili, mtu wa maneno machache na mikono mikubwa. Baba yake alikuwa na kitalu cha kahawa kwao, kwa hiyo alijua mizizi kama mimi nilivyojua uchochoro wa Ujiji. Aliongea na watu wa Kalinzi Kirundi, wao wakamjibu Kiha, wakaelewana vizuri kuliko mimi niliyezaliwa mkoa huohuo nikiwa na Kiswahili tu. Lakini kila alipopita walisema "yule wa kambini". Kambi yake ilikuwa mbali, upande wa Kasulu. Alitoka kwa kibali, na kibali chenyewe kiliandikwa upya kila mwezi, mwenyekiti wa kijiji akikubali. Jambo hilo nililisikia kupitia zile mbao, siku nilipojifanya nashona nguo kumbe nasikiliza.

"Huyu binti wa Burundi," mwenyekiti alikuwa akimwambia bwana miti upande wa wavulana, "mimi sina neno naye. Lakini wanakijiji wanasema wakimbizi ndio wanaokata kuni. Likitokea jambo lolote, hata dogo, siwezi kusaini tena."

"Mzee Ruhuza, ana bibi yake pale Gungu," bwana miti akasema. "Haoni. Binti huyu ndiye anayemhudumia siku za mapumziko."

"Najua. Ndiyo maana nasema, lisitokee."

Bibi huyo nilimjua. Jumapili nilishuka na Esperansi mara mbili tatu. Alikaa chumba kimoja kilichopakwa chokaa, alikuja nchini miaka mingi nyuma kwa vita vya zamani, na hakutambulikana tena kama mgeni na mtu yeyote isipokuwa yeye mwenyewe. Alinishika uso kwa vidole vyote kumi akasema, "Huyu hakai." Esperansi alicheka siku ile. Baada ya hapo alikuwa akifua, akipika ugali wa siku mbili na kuufunika, akichota maji ndoo nne na kuzipanga karibu na mkono wa bibi ili azipapase bila kujikwaa. Kama Esperansi asingeshuka Jumapili, ndoo zile zisingejaa. Sikuwa na haja ya kuelezwa zaidi.

Mstari wa tisa tuliupanda Jumamosi moja ya mwezi wa kumi na moja. Dereva wa pikapu ya kahawa alikuwa amesema asubuhi kwamba mashua za Kongo zimefika ufukweni, nyingi, watu wamekuja na vitanda, cherehani, kasuku, na kwamba anashuka mjini saa sita kamili. Toka hapo sikuwa kilimani tena, nilikuwa mwili tu. Esperansi alitangulia akichimba kuelekea juu, mgongo kwangu. Nikafika nusu ya mstari, nikatazama jua, nikatazama miche iliyobaki. Nikaacha kuchana. Nilitumbukiza mche na kiriba chake, nikafukia, nikakanyaga, nikaenda wa pili. Ulikuwa ni upesi wa ajabu. Kwa juu haikuonekana tofauti hata kidogo. Nyuma ya kitalu palikuwa na rundo la viriba vya miche iliyokufa. Nikachukua fungu, nikavisugua udongo, nikamwonyesha bwana miti. Akaitikia kwa kichwa. Saa sita nilikuwa juu ya magunia.

Nilichokiona siku ile sijakijutia, na hilo ndilo linaloniumiza. Niliona mwanamke amekaa mchangani, pembeni yake umelala mlango mzima, wa mbao nzito, una kitasa na bawaba zake. Alikuwa amevuka nao ziwa. Nilimuuliza, kwa kuwa siwezi kutouliza, mlango wa nini, mama. Alinitazama kama mtu anayemtazama mtoto mjinga. "Nyumba imebakia," alisema. "Mulango ni yangu." Ufunguo alikuwa ameuvaa shingoni. Watoto wake wawili walikuwa wanakula ubwabwa juu ya mlango ule, umekuwa meza. Nilirudi Kalinzi Jumapili jioni nikamsimulia kila mtu, na Esperansi alisikiliza kuliko wote.

Mvua ikanyesha mpaka mwaka mpya, miche yote ikawa kijani, nami nikasahau, au nikajisahaulisha. Mwezi wa pili mvua ikakatika. Siku ya tisa ya jua kali, nusu ya juu ya mstari wa tisa ilianza kuwa njano. Mistari mingine ilisimama vizuri. Wanakijiji wakaanza kupanda kilimani kutazama, na maneno yakashuka nao: kuna mtu anaing'oa na kuirudishia, kuna mtu anamwaga maji ya moto, watu wa kambini wanataka kilima kibaki kitupu wapate pa kuishi. Mama Yusta hakusema tena kwamba atatupika.

Mchana mmoja, tukiwa wawili tu chini ya upenu wa ghala, Esperansi aliketi mbele yangu na kuweka kitu kando ya sahani yangu. Kilikuwa kiriba, kimechanwa, na ndani mizizi myeupe imejizungusha na kujizungusha kama uzi kwenye kibao.

"Zaituni, hiki nini?"

"Kiriba."

"Kimetoka wapi?"

Nilimega ugali. Nakumbuka ulikuwa wa moto nikauacha mkononi uniunguze.

"Sikuuliza ili unijibu," alisema. "Tukiamka alfajiri mimi na wewe, tunaiinua, tunavua, tunarudishia, tunamwagilia. Siku nne, tano. Hakuna atakayejua."

"Tumwambie bwana miti."

"Ukimwambia ataandika. Akiandika, mwenyekiti atasoma. Na mstari ule una majina mawili. Wewe utafukuzwa urudi Ujiji. Mimi je?"

Nilimwambia mvua itarudi, miti itapona yenyewe. Nilimwambia ana wasiwasi. Nilimwambia pia, na hili sijawahi kumsimulia mtu, kwamba akiamka kuing'oa miche peke yake ndipo watu watakapomdhania vibaya. Neno hilo lilikuwa la kweli, ndiyo maana lilikuwa baya. Alikikunja kile kiriba akakitia mfukoni, akaondoka kuosha sahani zote mbili, yake na yangu.

Alfajiri zilizofuata nilimsikia akitoka. Kila asubuhi nilijiambia kesho. Asubuhi ya nne alirudi na mgambo wawili, kanga yake wameibeba wao, na ndani ya kanga miche kumi na mmoja.

Mkutano ulifanyika ofisi ya kijiji saa nne. Watu walijaa mpaka madirishani. Mzee Ruhuza alikaa nyuma ya meza akiwa na karatasi, kalamu na muhuri, na uso wa mtu aliyeomba jambo lisitokee likatokea.

"Umekutwa na nini?"

"Miche, mzee."

"Aliyeing'oa nani?"

"Mimi."

"Mmesikia!" Mama Yusta alisimama. "Kwao wamechoma, huku wanang'oa! Watoto wangu wanakula muhogo wa kununua, mimi, binti wa Kalinzi, ili huyu apate kuni!"

"Kuni za mti mwembamba kama kidole, Mama Yusta?" mtu aliuliza nyuma, watu wakacheka.

"Cheka wewe. Ulitoa shamba gani? Lako ni mdomo tu."

"Nilikuwa naipanda upya," Esperansi alisema.

Bwana miti aliinua kichwa. "Kwani ilikuwa imepandwa vibaya?"

Esperansi alitazama mikono yake. Hakunitazama mimi, hata mara moja. Angenitazama ningekasirika, na hasira ingenisaidia. Bwana miti akafungua daftari lake. "Mstari wa tisa. Esperansi na Zaituni." Vichwa vyote vikageuka.

"Zaituni," alisema Mzee Ruhuza, "mwenzako alikuwa anafanya nini kule?"

"Sijui, mzee," nikasema.

Ni maneno mafupi. Nimetembea nayo Bujumbura, Kalemie, Mpulungu, Tabora, na sehemu ambazo sikujua majina yake. Mzee Ruhuza alivuta karatasi aandike barua ya kumrudisha kambini. Alisema lori la kambi litapita kesho asubuhi barabarani, na kwamba hana la kufanya. Akamuuliza kama ana mtu wa kumuaga. Esperansi akasema, "Bibi yangu yuko Gungu. Ana maji ya mpaka kesho." Alisema hivyo tu, kama mtu anayetoa maelezo ya kazi kwa atakayempokea. Hakuna aliyeelewa habari ya maji isipokuwa mimi, niliyeziona zile ndoo.

Nilitoka mbio. Nyuma yangu nilimsikia Mama Yusta: "Anakimbia huyo! Mshikeni!" Hawakunishika, kwa kuwa kukimbia nilikuwa najua. Lakini sikushika njia ya barabarani, nilipanda. Jua lilikuwa la utosi, udongo unateleza kwa vumbi, na nilipofika nusu ya juu ya mstari wa tisa nilipiga magoti nikachimba kwa vidole mpaka kucha mbili zikafunuka. Nilitaka mche uliokufa kabisa, usiobishika. Nikaupata. Kushuka sikumbuki. Nakumbuka mlango, watu wakipisha, na Mzee Ruhuza akiwa ameshaandika, ameinua muhuri karibu na mdomo, anaupulizia pumzi ili wino ushike.

Niliuweka mche juu ya barua, na udongo wake wote, na kiriba chake.

"Huu nilipanda mimi," nikasema. "Na wote wa juu. Nilipanda na viriba. Yeye alikuwa anavua."

Mama Yusta ndiye aliyesogea. Aliuchukua mche, akakichana kiriba kwa meno, akaifungua ile mizizi kwa kidole gumba, taratibu, kama mtu anayemfumua mtoto nywele.

"Ni mingapi?"

"Nusu ya mstari."

"Ulikuwa unawahi wapi?"

"Kuona mashua za Kongo."

Mtu mmoja alicheka dirishani akanyamaza haraka. Mama Yusta alinipiga kofi kwa mkono uleule wenye udongo, na sikulia kwa sababu nilikuwa nalisubiri. Kisha akamgeukia mwenyekiti. "Sasa wewe Ruhuza. Huyu ukimtia kwenye lori, nani atapanda upya? Huyu Mswahili wa Ujiji? Si bora nimwite mbuzi anipandie!" Akamtazama Esperansi. Hakuomba radhi. Alisema, "Yewe, binti. Ungesema tu."

"Ningesema, mngeniamini?" Esperansi aliuliza.

Mzee Ruhuza aliinua barua kwa ncha mbili, akaitikisa udongo, akaitazama. "Karatasi imechafuka," alisema. "Siwezi kupeleka wilayani karatasi chafu." Akaichana.

Bwana miti alinipa adhabu pale pale: nitarudia ile nusu yote ya juu na Esperansi, halafu niondoke. Ilichukua siku sita. Tulichota maji bondeni, tukainua, tukachana, tukarudishia. Alikuwa anazungumza nami kwa ajili ya kazi tu: shika, mimina, siyo hivyo. Mama Yusta alituletea chakula kilimani mwenyewe. Siku tano sahani yangu ilikuja na mchuzi mtupu wakati ya mwenzangu ina mgebuka. Siku ya sita nilikuta mkia wa samaki. Alasiri hiyo pikapu ilipiga honi chini, na bwana miti akasema, nenda. Ulikuwa umebaki mche mmoja, wa juu kabisa kwenye kona. Nilimwambia Esperansi, "Huo unimalizie." Akasema, "Ego," yaani ndiyo ya kwao. Nikashuka.

Hivyo ndivyo nilivyoondoka Kalinzi, na kwa namna fulani sijaacha kuondoka. Esperansi alibaki. Uraia aliupata baadaye kwa njia ndefu ambayo ni hadithi yake, na bibi yake alizikwa Gungu akiwa na ndoo zilizojaa. Nilimkuta Jumatano pale msibani akigawa chakula, mikono ileile, nywele nyeupe pembeni. Alinipa sahani kabla ya salamu. Tulipomaliza kula alisema, "Twende," tukapanda, yeye mbele, mimi nahema. Vijana wanane waliokuwa wakichota maji ya msiba kwenye chemchemi walimwamkia, shikamoo mama. Ni wa kitalu chake, wasio na shule wala kazi.

Kule juu kwenye kona palilala mti. Ulikuwa umefika unene wa paja kabla haujaanguka, miaka mingi nyuma, umeshaota kuvu. Kitako cha mizizi kilikuwa kimesimama hewani, duara, kimejisokota, na katikati yake nailoni nyeusi, nzima, inang'aa kama ya jana.

"Ulisema utanimalizia."

"Nilisema ego. Kisha nikafikiri, huu una mwenyewe." Alipangusa jasho. "Upepo uliuangusha. Watu walitaka kuni. Mama Yusta akawakatalia. Kila mwaka aliniuliza, yule Mswahili bado hajaja kuchukua kitu chake?"

Nilivuta ile nailoni, haikutoka. Esperansi alifungua pindo la kanga, akatoa mche mdogo wa mkangazi na wembe. Alinikabidhi vyote viwili, akakaa juu ya gogo, akageuka kutazama ziwa, mgongo kwangu, kama siku ile alipokuwa akichimba. Nilichimba kwa fimbo. Nikachana. Nikavua. Nikaupanda, nikaukanyaga taratibu. Alikuwa bado hajageuka. Nilimzunguka nikasimama mbele yake, nikamwonyesha kiriba kitupu.